Ekstrakta za 1911: ya kiwandani dhidi ya za watengenezaji wa nje

Nikianza na hukumu: kwenye bastola ya 1911 ya kaliba ya .45 ningelipia ekstrakta ya nje iliyochongwa kutoka chuma cha springi, na kwenye Glock nisingetoa hata senti kwa kitu kisicho cha Glock yenyewe. Sababu iko kwenye namna kila bastola inavyoishika ekstrakta, yaani ile kulabu inayovuta ganda kutoka chemba, tundu la risasi.

Kwenye 1911 hakuna springi ya kusukuma ekstrakta. Kipande chenyewe, kile kirefu chembamba kinachopita ndani ya tundu upande wa kulia wa slaidi (kile chuma cha juu kinachokwenda mbele na nyuma), ndicho springi. Kinapindwa kidogo, na ule ubishi wake wa kutaka kunyooka ndio unaobana kitako cha risasi. Sasa ekstrakta nyingi zinazokuja na bastola za bei ya kawaida hutengenezwa kwa unga wa chuma uliochanganywa na gundi, ukashindiliwa kwenye kalibu na kuchomwa tanuruni. Kwa kipande kinachokaa tu mahali pake, njia hiyo haina ubaya. Kwa kipande kinachotakiwa kupinda na kurudi maelfu ya mara, mkazo hulegea mapema, na ukijaribu kukikunja upya kinaweza kukatika. Ndiyo maana napenda za watengenezaji Wilson Combat na Ed Brown. Mkazo ukishakaa sawa, unadumu.

Lakini usidanganywe na maneno ya kwenye paketi kwamba inaingia moja kwa moja. Ekstrakta nzuri isiyofungwa vizuri hukwama zaidi kuliko ya kiwandani iliyorekebishwa.

Kabla ya kununua, hakikisha aina. Bastola za mfumo wa Series 80, ulioingia mwaka 1983, zinahitaji ekstrakta yenye mkato wa kushikilia kile kizibo cha usalama cha pini inayopiga kiwashio. Ya Series 70, mfumo usio na kizibo hicho, haina mkato huo, usiilazimishe. Kaliba nayo: ya .45 si ya 9mm, kwa kuwa kulabu ya 9mm ni ndefu zaidi ili ifikie kitako chembamba.

Kuitoa ni kazi ndogo. Toa magazini, angalia chemba kwa macho na kwa kidole, kisha vua slaidi. Kwa panchi nyembamba sukuma ndani ncha ya pini ya kupigia, teremsha kile kibao kinachoizuia, na uweke kidole gumba hapo. Springi ya pini inaruka, na kuitafuta chini ya meza ni adhabu. Baada ya hapo ekstrakta inavutwa kwa nyuma. Kwenye Series 80 kizibo na springi yake vitadondoka chini, viokote ujue vilikaaje.

Kupima mkazo hakuhitaji geji, ingawa wenye geji wengi hulenga aunsi 20 hadi 28, yaani kama gramu 570 hadi 800. Rudisha ekstrakta na kibao chake kwenye slaidi iliyo mkononi bila mtutu. Chukua risasi ya bandia, isiyo na baruti wala kiwashio, itelezeshe kutoka chini mpaka kitako kiingie nyuma ya kulabu. Iachie, kisha tikisa slaidi polepole. Ikibaki, mkazo unatosha. Ikidondoka bila hata kutikiswa, umelegea, na hapo ndipo maganda husimama wima dirishani, pale slaidi inapoyatupia nje, au kubaki chemba. Ikibidi uisukume kwa nguvu ya kidole, umezidi: slaidi itakuwa inagoma milimita chache kabla ya kufunga, na watu hulaumu magazini.

Kuongeza mkazo, chomeka ncha ya mbele kwenye tundu lake kwa nyuma, kisha pinda taratibu ili kulabu izidi kuelekea katikati ya slaidi. Kidogo sana, pima, rudia. Kuikunja kwa jiliwa na nyundo ni kuiua.

Kona ya chini ya kulabu ilainishwe kwa msasa wa namba 400, kisha 600, iwe ya mviringo, maana kitako hupanda kutokea hapo. Uso unaovuta ganda usiuguse.

Kitu ambacho wengi hawakiangalii ni ekstrakta kuzunguka ndani ya tundu. Shika mkia wake nyuma ya slaidi, jaribu kuuzungusha. Ukicheza, kibao cha pini ni kidogo kwa mkato wake, na maganda yatatupwa leo kulia, kesho kichwani. Dawa ni kibao kilichoachwa kikubwa kwa makusudi, unakipunguza kwa tupa laini mpaka kiingie bila kulegea. Ekstrakta mpya peke yake haitatibu hilo.

Na usitie risasi kwa mkono chemba kisha ukaachia slaidi. Kulabu ya 1911 imeundwa kupokea kitako kutoka chini, na kuilazimisha iruke juu yake huilegeza au kuivunja ncha.

Asiyetaka kukunja chochote kuna ekstrakta ya Aftec, yenye springi mbili ndogo zinazofanya kazi ya mkunjo. Ni nzuri, ila springi hizo ni rahisi kupotea wakati wa kusafisha.

Kwenye Glock springi ipo tayari nyuma ya ekstrakta, hivyo chuma ghali hakiongezi kitu. Nunua ya kiwandani, badilisha na springi yake, na kama ekstrakta ni ile inayoonyesha risasi iko chemba, kile kipande kidogo cha plastiki mwishoni mwa springi kiwe cha aina hiyohiyo.

Yote haya ni kwa Marekani, ambako kisheria silaha ni fremu na ekstrakta huuzwa kama spea nyingine. Mwenye leseni Kenya au Tanzania aipeleke bastola kwa fundi aliyesajiliwa, na aombe jaribio la risasi ya bandia lifanyike mbele yake.