Uzoefu wangu: iPod, redio ya gari la zamani na fundi wa "ni kawaida"

Kuna neno moja ambalo nikilisikia siku hizi damu hunichemka, nalo ni "kawaida". Nilitupiwa neno hilo nikiwa nimeketi ndani ya gari langu mwenyewe, injini ikiunguruma, nyimbo nilizozipenda tangu ujana zikitoka katika spika zote nne, na nyuma ya nyimbo hizo, kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua, mluzi mwembamba ukipanda kila nilipokanyaga mafuta na kushuka kila nilipoachia. Nilimgeukia fundi. Alikuwa akikusanya bisibisi zake. "Mama, huo ni kawaida kwa magari ya zamani," alisema, wala hakuinua uso.

Nilikusudia kuandika tathmini ya kifaa tu, yaani kile kisanduku kidogo kinachochomekwa nyuma ya redio iliyotoka na gari kiwandani ili iPod, kile kicheza muziki cha mfukoni cha Apple, isikike bila kuing'oa redio yenyewe. Nitajitahidi kukitendea haki, ingawa kila ninapoandika sentensi mbili kuhusu kisanduku, namkuta fundi amesimama katika sentensi ya tatu.

Gari langu ni la mwishoni mwa miaka ya 1990. Redio yake ina mdomo wa kaseti, na ina kitufe kilichoandikwa CD ambacho kwa miaka yote niliyolimiliki hakikuwahi kufanya lolote, kwa sababu gari lilinifikia bila ile mashine ya kubadilisha CD ambayo ilipaswa kukaa kwenye buti. Wengi wamenishauri ninunue redio mpya na nimewakatalia wote. Redio hii inawaka rangi moja na saa ya dashibodi, vitufe vyake navijua kwa vidole gizani, na sauti yake ina uzito ambao sijausikia katika zile redio za kuwekewa baadaye zinazometameta kama ukumbi wa disko. Mwenye kuona huu ni ukaidi anaweza kuuita hivyo.

Kabla ya kisanduku nilikuwa nimejaribu njia mbili za mkato. Kitransmita cha FM, kile kidude kinachorusha muziki wa iPod hewani ili redio iudake, sitakipotezea muda: nguvu yake ni ndogo kwa makusudi, kwa kuwa sheria haziruhusu kila mwenye gari awe kituo cha redio, hivyo ukikaribia mnara wenye masafa yale yale, wimbo wako unamezwa na msomaji wa habari. Nilikitumia kwa muda mfupi na nikakigawa.

Kaseti ya adapta ni habari nyingine, na naomba msomaji aikumbuke kwa sababu itarudi baadaye kutoa ushahidi. Hii ni kaseti isiyo na mkanda. Ndani yake mna kichwa kidogo cha sumaku kinachotazamana na kichwa cha kusomea cha redio, na waya mwembamba unatoka kwenda kwenye tundu la visikizi la iPod. Niliitumia muda mrefu na kwa furaha. Sauti za juu zilikuwa zimefifia kidogo, na vigurudumu vyake vilikuwa na mtatariko wa saa ya mezani, lakini ilicheza. Kilichoiponza ni kwamba redio yangu ni ya aina inayojigeuzia kaseti yenyewe ikihisi mkanda umefika mwisho. Vigurudumu vya adapta vilipoanza kuchoka, redio ikawa inahisi mwisho wa mkanda kila baada ya dakika chache, ikigeuza upande huu, ikigeuza upande ule, kisha ikiitema. Kuna safari moja ilitemwa mara nyingi hata nikaishika kwa mkono katika mlango wa redio kama mtu anayemlisha mtoto asiyetaka uji.

Ndipo nikapata kisanduku. Werevu wake ni kuidanganya redio. Kinachomekwa katika ile soketi ya nyuma iliyoandaliwa kwa ajili ya mashine ya CD, kinazungumza lugha ileile ambayo mashine hiyo ingezungumza, na redio inaamini kwamba buti lina CD sita. Kitufe changu kilichokuwa kimekufa kikafufuka. Kisanduku kina mikia miwili: mmoja una plagi pana ya pini 30 inayoingia chini ya iPod, unaobeba sauti, umeme wa kuchaji na amri za vitufe vya redio, mwingine ni kebo ya kawaida ya sauti kwa kifaa chochote chenye tundu la visikizi. Niliposikia wimbo wa kwanza kupitia mkia wa pini 30 nilinyamaza. Ilikuwa kana kwamba mtu amefuta vumbi la miaka mingi katika spika. Laiti mambo yangeishia hapo, ningetoa nyota zote na kwenda zangu.

Hayakuishia hapo. Kwanza, fundi alikata betri bila kuniuliza kama nina namba ya siri ya redio, nayo ilipowashwa tena ikagoma na kudai namba hiyo, kama redio nyingi za kiwandani za enzi hizo zinavyofanya zikishuku kuwa zimeibwa. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeifunga. Kwa bahati kadi ya namba ilikuwa katikati ya kitabu cha gari. Hilo nililisamehe palepale.

Pili, iPod ilicheza lakini haikuchaji, na kwenye kioo chake ukatokea ujumbe kwamba kuchaji hakuwezekani kwa kifaa hiki. "iPod yako mbovu," fundi alisema. Haikuwa mbovu. iPod yangu ni nano ya kizazi cha 4, ya mwaka 2008, na sasa najua, kwa kuwa nililazimika kujua, kwamba aina za mwanzo za plagi ile ziliweza kupokea umeme wa volti 12 kupitia pini za FireWire (aina ya zamani ya kiunganishi cha kompyuta), ila kuanzia nano hiyo na iPod touch iliyotoka mwaka huohuo, Apple iliacha njia hiyo na kubakisha volti 5 za USB. Kisanduku kilikuwa kikitoa volti 12 kwa ukarimu wote, na iPod haikuwa na mlango wa kuzipokelea.

Fundi alipata ufumbuzi kwa haraka ambayo wakati ule niliiona kuwa ujuzi. Aliniambia niachane na mkia wa pini 30, nitumie ule wa kebo ya sauti katika tundu la visikizi, kisha nichaji iPod kwa chaja ya soketi ya kiberiti. Nikachomeka, nikawasha injini, na mluzi ukazaliwa.

Naomba niseme kwa utulivu, ingawa siandiki kwa utulivu, kwa nini jibu la "kawaida" lilikuwa tusi. Gari lilikuwa lilelile. Alternata, ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme wa gari, ilikuwa ileile. Chaja ilikuwa ileile niliyoitumia siku zote nilipokuwa na kaseti ya adapta, na katika siku zote hizo haukusikika mluzi hata mmoja. Kama mluzi ni desturi ya magari ya zamani, gari langu lilizeeka asubuhi ile baina ya saa tatu na saa sita. Nilimweleza hivyo. Akacheka kidogo, cheko la mtu anayemsubiri mtoto amalize swali.

Basi nikafanya jaribio mbele yake. Nilizima injini nikaacha ufunguo kwenye umeme tu: kimya. Niliwasha injini: mluzi. Niliteremsha sauti ya redio hadi mwisho: mluzi nao ukateremka, maana yake unaingia pamoja na muziki kabla ya kufika kwenye kikuza sauti. Nilipandisha sauti tena, kisha nikachomoa chaja. Mluzi ukakatika kama uzi. Nikachomeka chaja, ukarudi. Nilimwangalia fundi kwa matumaini, kwa sababu sikudhani kuna mtu wa kazi ya umeme ambaye angeona hayo asishtuke. Alijifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Basi usichaji."

Usichaji! Nimelipia kifaa, nimelipia ufundi, nimekaa nusu siku kwenye benchi, na ushauri wa kitaalamu ni kwamba nisikilize muziki mpaka betri iishe kisha niendeshe gari kimya. Nililipa kwa sababu nimelelewa kulipa, nikaondoka, na njia nzima ule mluzi ulikuwa ukinisomea jina lake.

Nilichokielewa baadaye ni hiki. Katika gari ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ni bodi lenyewe, lakini bodi si ncha moja. Chuma kilicho kati ya soketi ya kiberiti na mahali redio ilipofungwa kinapitisha mkondo wa taa, feni na pampu, na kwa hiyo ncha moja hutofautiana na nyingine kwa volti ndogo sana. iPod ikishika ethi mbili kwa wakati mmoja, moja kupitia chaja na nyingine kupitia kebo ya sauti, tofauti hiyo inapita ndani ya kebo ya sauti na redio inaikuza kwa uaminifu uleule inaoukuzia muziki. Umeme wa alternata haujanyooka kabisa. Una viwimbi vinavyoongeza kasi kadiri injini inavyozunguka, ndiyo sababu mguu wangu ulikuwa ukiupigisha mluzi kama filimbi. Na kaseti ya adapta ilinyamaza kwa sababu vichwa vyake viwili vinapashana habari kwa sumaku. Waya wa upande huu haugusani na waya wa upande ule. Dude lile la plastiki nililolidharau lilikuwa na kinga ambayo ufundi wa nusu siku ulikuwa umeiondoa.

Sasa sikilizeni hili. Baada ya muda niliinama kutafuta sarafu iliyoanguka chini ya kiti cha abiria, nikakuta katoni ya kisanduku imekunjwa na kusukumizwa huko pamoja na vipande vya nyaya na maganda ya utepe. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya maelekezo ambayo haijawahi kufunguliwa. Mikunjo yake ilikuwa ya kiwandani bado. Ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kutafutia miwani, ulisema kwamba iPod nano na iPod touch za mwaka 2008 na za baadaye zinahitaji kigeuzi cha kushusha volti 12 kuwa 5, kinachokaa kati ya mkia wa pini 30 na iPod. Mistari miwili tu. Nilipata kigeuzi hicho, nikakichomeka mwenyewe bila bisibisi, nikarudi kwenye mkia wa kwanza. iPod ikachaji, vitufe vya redio vikabadilisha nyimbo, na kwa kuwa sauti na umeme sasa vilipita njia moja na ethi moja, mluzi haukuwepo tena. Nilikanyaga mafuta gari likiwa limesimama, mara tatu, nne, jirani akachungulia. Kimya.

Kwa hiyo kisanduku hakina hatia, na nyota moja niliyokuwa nimekiandalia naifuta. Au tuseme kina hatia ndogo: jambo la lazima halifichwi ukurasa wa mwisho, na katoni ilikuwa na nafasi tele ya kuliandika juu. Kioo cha redio nacho hakioneshi jina la wimbo, kwa sababu redio inadhani inacheza CD namba 1. Ukitaka wimbo wa themanini katika orodha, utabonyeza hadi kidole kikuombe radhi. Siku nyingine hilo linanikera kiasi cha kuikumbuka kaseti, ambayo bado imo katika droo ya dashibodi na sina mpango wa kuitoa. Kisha nyimbo inaanza, besi inajaa katika milango ya gari bila kelele wala mtatariko, na ninajiona mtovu wa shukrani.

Kuhusu fundi, hasira zilipopoa nilijilazimisha kukiri kwamba kazi ya mikono yake ilikuwa safi. Dashibodi haikupata mkwaruzo, hakuna kibati kinachogonga barabara ikiwa mbovu, nyaya zimefungwa vizuri kuliko zilivyofungwa kiwandani. Nilikuwa tayari hata kumwongezea nyota. Nikaona ni uungwana nimpitie, si kwa ugomvi, bali asikie mwenyewe, ili atakayekuja baada yangu na iPod ya aina hii asiambiwe niliyoambiwa. Nilimwonesha kigeuzi, nikamsomea ile mistari miwili, nikawasha injini na kukanyaga mafuta. Alitega sikio, akatikisa kichwa polepole, uso ukamkunjuka.

"Unaona, mama?" akasema. "Si nilikwambia utazoea?"

Nyota niliyomwongezea nimeirudisha.