Kabla hujanunua pazia, badilisha silinda: vitasa vya milango ya Ufaransa

Haya jamani, karibuni tena. Maiki ni mpya, kwa hiyo wale mliolalamika sauti, leo sitaki kusikia. Na ile video ya majiko ya umeme ipo, inahaririwa, mtaipata.

Leo nina hiki kidude. Kwa mbele kina duara juu na mkia chini, urefu wake ni kama kidole. Ndiyo silinda ya Ulaya, kile kipande cha kitasa unachotia ufunguo, na kama unaishi Ufaransa, iwe nyumba ya kisasa au fleti ya ghorofa ya nne, kuna uwezekano mkubwa ndiyo iliyoko mlangoni kwako sasa hivi. Bricard wanatengeneza, Vachette wanatengeneza, maduka makubwa ya vifaa nayo yana za kwao. Idadi ya pini, aina ya chuma, hayo yameandikwa kwenye boksi, mtasoma wenyewe. Mimi nina jambo moja la kuwaonyesha.

Ila ngoja nianze na linaloniudhi. Kamera, njoo huku. Upande wa ndani wa mlango wangu una mkono, unaushusha, mlango unafunguka. Sawa. Twende nje. Mkono uko wapi? Hakuna! Kuna hiki kirungu cha shaba tu, na hakizunguki, nikizungusha hivi ni bure, kimewekwa cha kuvutia mlango. Fleti nyingi za huku ziko hivi. Unatoka na kandambili kwenda kumwaga taka, upepo unavuta mlango, ulimi wa kitasa unaruka ndani ya fremu, klak, umebaki kwenye korido. Hujazungusha ufunguo wowote, lakini uko nje. Mgeni aliyezoea kushusha mkono akaingia, iwe ametoka Dar au Bujumbura, hapa ndipo analizwa wiki ya kwanza.

Sasa ndiyo unaanza kuhangaika na fundi. Kwenye sanduku la barua umekuta kikaratasi kina rangi za bendera, kina namba za polisi na zimamoto, na katikati yake imechomekwa namba ya fundi vitasa, utadhani katumwa na manispaa. Hajatumwa na mtu! Jirani yangu wa juu, mama mmoja wa Bukavu, alimwita mmoja wa hao usiku. Jamaa akatoa drili, akatoboa silinda nzima, akamwachia bili ya mamia ya euro. Kwa mlango uliojibana tu, jamani. Mlango wa hivyo fundi mwaminifu anapenyeza karatasi ngumu ya plastiki kati ya mlango na fremu, wengine wanatumia picha ya eksirei ya zamani, anaishusha huku anautikisa mlango, ulimi unarudi nyuma, unaingia kwako. Kwa hiyo ukipiga simu, mwambie kabisa: mlango umejibana, haujafungwa kwa ufunguo. Na akifika dai devis, bei kwa maandishi, kabla hajafungua begi. Sheria iko upande wako hapo.

Haya, mezani. Silinda mbili. Hii ya kushoto ni ya kawaida kabisa. Natia ufunguo upande wa ndani, nauacha humo, kama watu wengi wanavyofanya usiku. Sasa mimi ni mke wako, natoka zamu ya usiku, nina ufunguo wangu halali. Natia upande wa nje… tazameni hapa. Sogea, sogea. Umeingia, umeingia, umegota. Milimita chache zimebaki nje. Nasukuma, hauendi. Nazungusha, hauzunguki. Ninao ufunguo sahihi, mlango ni wangu, na siingii.

Ya kulia sasa. Ufunguo wa ndani huu hapa, na nimeugeuza kidogo makusudi ili iwe ngumu zaidi. Natia wa nje. Mpaka shingoni! Nazungusha. Msiangalie mkono wangu, angalieni hiki kijino cha katikati, ndicho kinachovuta komeo. Mmeona kinavyozunguka? Ngoja nirudie. Ndani upo, nje nazungusha, kijino kinatii. Mara nyingine, kwa raha zangu tu. Kwenye boksi tafuteni neno hili, débrayable. Fikiria mzee wako kaja kukutembelea, kajifungia, kaacha ufunguo ndani, kaanguka bafuni. Kwa ile ya kushoto unaanza kuvunja. Kwa hii unaingia.

Na hapa niwajibu mnaoniuliza kila siku kuhusu Nuki, zile mashine za kufungua mlango kwa simu. Ile inakaa upande wa ndani, inaushika ufunguo wako na kuuzungusha kwa mota. Maana yake ufunguo uko ndani saa zote. Betri ikifa na silinda ni ile ya kushoto, simu yako haina msaada. Mtu anatoa zaidi ya euro 100 kwa mashine halafu anabania silinda! Nitaifanyia video yake, ila siyo kwa hasira za leo.

Lakini kuna aliyeandika kwenye komenti, na ana hoja: yeye anauacha ufunguo ndani makusudi, ili mpangaji wa zamani mwenye nakala asimwingilie akiwa amelala. Kweli, ukiweka débrayable kinga hiyo imeondoka. Nimelifikiria hilo, na hata mimi nilianza kusita. Ila basi badilisha silinda, yule wa zamani abaki na ufunguo wa kumbukumbu. Mpangaji anaruhusiwa kubadilisha. Weka ile ya mwenye nyumba kwenye droo, siku ya kuhama unairudisha. Na mwenye nyumba hana haki ya kuingia kwako bila ridhaa yako, kwa hiyo usiogope akikuuliza.

Kubadilisha ni hivi. Fungua mlango, tazama ubavuni, kuna skrubu ndefu moja usawa wa silinda. Itoe. Sasa vuta… haitoki, siyo? Tia ufunguo, uzungushe kidogo sana, hapo, mpaka kijino kijifiche usawa wa mwili wa silinda. Vuta. Imetoka. Wengi wanakata tamaa hapo kwa sababu wanavuta bila kugeuza. Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi ncha moja, kisha hadi ncha ya pili. Yangu ni milimita 30 kwa 40. Usinunue ndefu ukasema itatosha tu. Ikichomoza nje, mwizi anaishika kwa koleo na kuikata hapohapo kwenye tundu la skrubu, maana chuma ni chembamba.

Alama ya A2P, ile ya Kifaransa inayoonyesha kitasa kimepimwa dhidi ya wezi, mtaiona kwenye za bei: nyota 1 imestahimili dakika 5 za kushambuliwa, 2 ni dakika 10, 3 ni 15. Kwa fleti ya kupanga, nyota 1 inanitosha. Zile za kibingwa za Fichet unazokuta kwenye milango ya zamani ya Paris, tamu kuzitazama, lakini ukipoteza ufunguo, fundi viatu wa kona anayechonga nakala hawezi kukusaidia. Wenye Fichet wanataka kadi ya umiliki, na unalipa kweli.

Na wenye milango ya komeo tatu au tano: kuvuta mlango siyo kufunga! Kama chako ni cha kuinua mkono, inua juu kwanza, zile komeo za juu na chini zitoke, halafu zungusha ufunguo. Bila hivyo umeshikwa na ulimi tu, na bima wanaweza kukusumbua siku ukiibiwa.

Bei: ile ya kushoto ni euro kumi na kitu, débrayable yenye nyota inaanzia kwenye makumi ya juu na kupanda. Ghali, ndiyo. Ningekuwa na ya kuchagua kati ya hii na redio ile niliyowaonyesha mwezi uliopita, ningechukua hii. Tena ile redio nimeigawa.

Andikeni vipimo vyenu kwenye komenti, pande zote mbili tafadhali, nitawajibu ipi inunuliwe. Mwenye kirungu kama changu upande wa nje, mpe rafiki wa karibu nakala leo hii, siyo wikiendi. Bonyezeni kengele, tuonane Alhamisi.