Mtetea na vifaranga kumi na wawili kutoka Pongwe

Nafuga kuku Makorora, Tanga, uani nyuma ya nyumba, na tangu nianze nimenunua vifaranga kwa watu wanne. Huyu mama wa Pongwe ndiye wa kwanza niliyerudi kwake. Hauzi kifaranga mmoja mmoja. Anauza tenga zima: mtetea na vifaranga wake kumi na wawili wa wiki mbili, kienyeji, shilingi 70,000. Niliposikia bei nilitaka kugeuza, maana vifaranga wa siku moja unawapata kwa bei ndogo sana.

Lakini hao wa siku moja nimeshawaona. Mwaka jana nilinunua hamsini kwa muuzaji mmoja, wakaja ndani ya boksi. Nikawawekea maranda, taa na chanjo kwa tarehe zake, na wakakua. Walipofika wiki ya tano wakaanza kudonoana. Mmoja akitoka damu mkiani wote wanamvamia, nikawa nawatenga usiku na mchana. Nilipowatoa nje, kunguru alibeba sita ndani ya siku mbili. Walikuwa wamesimama tu wakimwangalia anavyoshuka. Iliniuma, kwa sababu sikuwanyima chakula wala joto.

Kwa huyu mama kazi inaanza kabla yai halijapasuka. Mayai yanakaa kwenye mashine mpaka siku ya 18, kisha usiku anayahamisha chini ya mitetea walioatamia, anatoa yale mayai viza aliyowapa wakalie. Siku tatu za mwisho ni za kuku mwenyewe. Alinikalisha kwenye kigoda nisikilize: mtetea akitoa sauti yake ya chini, ndani ya ganda kinajibu kitu, pii, pii. Nilisisimka mwili. Akaniambia, “Hao wameshajuana, mwanangu.”

Mpwa wangu anasomea mifugo pale chuo cha Buhuri, nikamweleza. Akanifafanulia jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Siku za mwisho kifaranga hujikunja ndani ya yai, jicho la kushoto likazibwa na mwili wake, la kulia likaelekea ganda. Mtetea akiinuka kwenda kula, mwanga unapenya ganda na kulifikia jicho hilo moja. Mwanga huo ndio unaozigawia kazi pande mbili za ubongo: jicho la kulia linakuwa hodari wa kutofautisha punje na kokoto, la kushoto linachunga adui. Mtafiti wa Australia, Lesley Rogers, alionyesha kwamba walioanguliwa gizani hawana mgawanyo huo vizuri, na kula huku wakijilinda kunawashinda. Sasa fikiria zile mashine za sanduku la mbao, zimefungwa giza siku zote 21. Sisemi ndilo lililowamaliza wale sita wangu, maana hata mama wa kuwafundisha hawakuwa naye. Ila najua sasa kwamba kichwa cha kifaranga hakijengwi na pumba peke yake.

Nilipofika nyumbani nikafungua tenga, nikakaa mlangoni saa nzima. Mtetea akaparua chini ya mpapai, akapata mchwa. Hakumla. Alimwokota, akamwachia, akamwokota tena, huku akiita ko-ko-ko ya harakaharaka. Vifaranga wakaja mbio. Mmoja mwenye doa jeusi kisogoni hakudonoa mara moja. Aliinamisha kichwa upande, akamwangalia mchwa kwa jicho la kulia, ndipo akadonoa. Baadaye kunguru akapita juu ya mwembe wa jirani. Mtetea akatoa mlio mmoja mkali, na uwanja ukabaki mtupu: wengine chini ya mbawa, wengine chini ya karai, kimya kabisa. Mpaka leo, wiki ya saba, wako kumi na mmoja na sijaona hata mmoja aliyenyonyolewa manyoya. Wanaparua kutwa, adhuhuri wanaoga vumbi, midomo yao ina kazi.

Huyo mmoja aliyepungua alikufa siku ya tatu, na sikujua sababu.

Lawama ninayo. Mtetea alikuja na utitiri chini ya mbawa, wengi, na sikuambiwa. Nilimnyunyizia dawa ya unga na kumtengenezea shimo la jivu na mchanga. Nilipomweleza yule mama alikubali kosa na kunipunguzia bei ya tenga la pili, lakini kuku anayelalia watoto angekaguliwa kabla hajaondoka. Pia vyombo vyake vya maji vina kina kirefu kwa kifaranga mdogo. Nimemshauri aweke kokoto ndani, na nilipokwenda tena nilikuta ameweka kwenye viwili kati ya vinne.

Kusubiri ni lazima. Mtetea haatamii kwa amri, na mimi nilikaa wiki tano kabla ya kuitwa. Anayetaka vifaranga mia kwa mkupuo hapa si pake. Daftari la chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku wengi kwa mara moja, analo, omba akuonyeshe. Nenda jioni jua likipoa, chukua tenga lenye matundu, na usiwatoe vifaranga chini ya mama yao kuwahesabu barabarani. Wahesabu palepale kwake, yeye mwenyewe atakushikia mtetea.