Uzoefu wangu: washa (pete za kuziba viungo) za mdomo wa mpira kwenye injini ya dizeli ya boti

Kwa miezi mitatu ngama ya boti yangu, yaani sehemu ya chini maji yanakokusanyika, ilinuka dizeli. Kila nikikumba maji naona utando wa rangirangi juu yake, na asubuhi injini ikawa inazungushwa sana na stata kabla ya kuwaka. Hilo la kuwaka kwa taabu ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu kiungo kinachovujisha dizeli injini ikifanya kazi kinaweza kuingiza hewa ikizimwa.

Kutafuta kulikula muda mwingi kuliko kutengeneza. Dizeli hutambaa, tone lilining'inia chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), kumbe linatoka juu kabisa. Niliosha injini, nikaikausha, nikazungushia karatasi ya chooni kwenye kila kiungo, kisha nikaiwasha kwa dakika 20. Zililowa mbili: ya kichwa cha filta na ya bomba la kurudisha dizeli. Mabomba ya nozeli (zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini) nayo sikuyapapasa kwa mkono, na wewe usithubutu. Presha yake hutoboa ngozi, na kidonda kidogo kama cha sindano ni cha kukimbiza hospitali saa hiyohiyo. Nikapima na oili pia, maana dayaframu (utando) ya pampu ya kuvuta dizeli ikipasuka, dizeli huingia kwenye sampu na oili hupanda. Yangu ilikuwa sawa.

Washa za shaba za zamani za viungo hivyo nilikuwa nimeshazichoma hadi zikawa nyekundu ili zilainike, nikazirudisha. Zikashika wiki mbili tu. Moto hulainisha shaba, lakini mkwaruzo hauuzibi, na kila nilipokaza zaidi niliona naelekea kukata boliti.

Ndipo nikanunua boksi la washa za chuma zenye mdomo wa mpira kwa ndani. Nimezipenda kweli. Boliti la tundu (lenye tundu la kupitisha dizeli) linataka mbili, moja kila upande wa kichwa cha bomba, na hazidai nguvu: mpira ukishakaa, unakaza kiasi na kuacha. Kasoro ni kwamba saizi zote zilichanganywa bila alama. Ya milimita 14 ikivaa boliti la 12, inakaa upande na itavuja, kwa hiyo nilipima kila moja kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo).

Nikatoa upepo kwenye njia ya dizeli kuanzia kwenye filta, nikipiga pampu ya mkono hadi povu likaisha, kisha nikalegeza nati za nozeli na kupiga stata. Ikawaka. Sasa imeshafanya kazi saa 40, karatasi ni kavu, na asubuhi inashika mara moja.

Chini ya nozeli nimeacha shaba, tena mpya. Pale pana moto wa chumba cha mwako, na mpira hauwezi kukaa.