Uzoefu wangu na Escape from Colditz, mchezo wa mezani uliobuniwa na mateka wa kweli

Nimeucheza mchezo huu na ndugu zangu jioni nyingi na bado hatujauchoka.

Ubao wake ni ramani ya ngome ya Colditz, Ujerumani, ambako katika Vita vya Pili vya Dunia walifungiwa maofisa waliokwisha kujaribu kutoroka kambi nyingine. Mchezaji mmoja anakuwa mkuu wa walinzi. Waliobaki kila mmoja anaongoza mateka wa taifa moja: Waingereza, Wafaransa, Waholanzi, na kadhalika. Unarusha dadu, unasogeza kete, unakusanya chakula, nguo za kujibadilisha, dira na hati za kughushi, ndipo utafute kamba au funguo.

Mmoja wa walioubuni, Pat Reid, alikuwa mfungwa humo humo. Oktoba 1942 yeye na wenzake watatu walitoka wakafika Uswisi. Ndiyo maana hakuna njia ya mkato: dira moja tu utaihangaikia, na mlinzi anakuona ukiifuata.

Tukifika kwenye dira, huwa nasimamisha mchezo niwaeleze wenzangu jinsi vifaa vya kweli vilivyowafikia mateka. MI9, idara ya siri ya Uingereza, ilivificha ndani ya vitu vya kawaida, michezo ya mezani ikiwemo. Kampuni ya Waddingtons ya Leeds ilikuwa ikitengeneza Monopoly ya Uingereza, mchezo wa mezani wa kununua mitaa na vituo vya treni, na ilijua pia kuchapa kwenye hariri. Ramani ya hariri haipigi kelele ukiikunjua gizani, wala hailoweki ikachanika. Mwaka 1941 Clayton Hutton wa MI9 alikubaliana nao alama: nukta baada ya jina la Marylebone Station, kituo cha treni kwenye ubao wa Monopoly, maana yake ndani mna ramani ya Italia. Nukta tu! Vifurushi vilitumwa kwa majina ya vyama vya hisani vya kubuni, visichanganywe na vya chakula vya Msalaba Mwekundu, maana kimoja cha Msalaba Mwekundu kingenaswa na ramani ndani, mateka wote wangekosa chakula. Kila nikisimulia hili, meza nzima hunyamaza, halafu watu hucheza kwa moyo zaidi.

Sheria ni nyingi, na watoto wadogo watachoka. Mkiwa wawili haunogi. Wanne au watano ndipo penyewe.

Naupa nyota nne kati ya tano. Mara ya kwanza, anayezijua sheria ndiye awe mlinzi.