Tathmini: mita ya LUKU yenye rimoti, na mita janja inayoifuata

Aina ya mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla wa TANESCO, shirika la umeme Tanzania) ninayoitathmini ni ile ambayo yenyewe hufungwa nguzoni au ukutani nje, huku mteja akibaki na rimoti ndogo ya kubonyezea namba ndani ya nyumba. Naiona kuwa chombo kizuri, na ubora wake mkubwa zaidi hauonekani kwa macho.

Mita hii haihitaji mtandao wowote ili kupokea umeme ulionunuliwa. Tarakimu 20 za tokeni zimebeba, kwa njia ya siri, kiasi cha yuniti pamoja na dakika ambayo tokeni ilitolewa, ikihesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1993, na mita iliyokusudiwa ndiyo pekee yenye ufunguo wa kuzisoma. Ndiyo maana tokeni ya jirani hukataliwa, na iliyokwisha kuingizwa haipokelewi tena. Nafasi ya kuhesabia dakika hizo ilikuwa na ukomo wa takribani milioni 16.8, nayo ikajaa Novemba 24, 2024. Ili hesabu ianze upya, kabla ya siku hiyo wateja walitakiwa kuingiza tokeni mbili za kubadili ufunguo huo wa mita, kisha ile ya yuniti. Ulikuwa usumbufu, lakini kazi iliweza kufanywa na mteja mwenyewe kwa kubonyeza namba, bila fundi kufungua mita, na hilo nalisifu kwa dhati.

Udhaifu uko kwenye rimoti. Ile inayowasiliana kupitia nyaya za umeme ni lazima ichomekwe kwenye soketi inayolishwa na mita hiyohiyo, na yuniti zikiisha hutegemea betri, ambazo wengi hawazikumbuki mpaka giza liingie. Kioo chake huonyesha yuniti zilizobaki, si kifaa kilichozila. Kwa hilo itazame taa ya mita: iliyoandikwa mimweko 1000 kwa yuniti, pasi ya wati 1000 ikiwaka peke yake, hutoa mmweko mmoja kila baada ya sekunde 3.6.

Mita janja huongeza modemu, yaani kifaa cha kutuma na kupokea taarifa, hivyo usomaji hulifikia shirika kwa laini ya simu au kupitia nyaya hadi kifaa cha kukusanyia taarifa kwenye transfoma, na yuniti zinaweza kuingia zenyewe, nafuu kubwa kwa mzee asiyeona tarakimu vizuri. Ningetaka mteja naye aone usomaji huo, kama ilivyo Uingereza, ambako kioo cha nyumbani huonyesha matumizi ya umeme na gharama yake karibu papo hapo.