Boeing 767 ya Condor Imestaafu: Tathmini ya Abiria wa Frankfurt na Mombasa

Mtu wa Pwani anayeishi Ujerumani, akitaka kufika Mombasa bila kushuka Doha, Addis Ababa au Nairobi na kukimbizana na lango la ndege nyingine usiku wa manane, kwa miaka mingi alikuwa na njia chache sana za kuchagua. Mojawapo ilikuwa Boeing 767-300ER ya shirika la Condor, iliyokuwa ikituchukua Frankfurt jioni na kutushusha Uwanja wa Moi asubuhi yake. Ndege hiyo haikuwekwa kwa ajili yetu. Iliwekwa kwa ajili ya Wajerumani waendao kuota jua Diani, Nyali na Watamu, ambao hujaa zaidi msimu wa kaskazi kwao kunapokuwa na theluji. Hata hivyo, katikati ya watalii hao tulikuwapo na sisi, akina mama waliofunga mitandio yao, watoto waliozaliwa Ulaya wanaokwenda kumwona bibi kwa mara ya kwanza, na mabegi ya mkononi yaliyojaa zawadi hadi zipu zikalalamika. Sasa ndege zote za aina hiyo zimeondolewa katika shirika hilo, na mahali pake pamechukuliwa na Airbus A330-900. Nimesafiri kwa zote mbili katika njia hiyo hiyo, na naitanguliza hukumu yangu: ndege mpya inaishinda ya zamani karibu katika kila jambo isipokuwa moja, na hilo moja ndilo linalomgusa zaidi abiria wa daraja la kawaida.

Jambo lenyewe ni mpangilio wa viti. Mwili wa Boeing 767 una upana wa mita 5.03, ambao ni mwembamba kuliko wa ndege nyingine zote kubwa zenye njia mbili za kupitia ndani, na kwa sababu hiyo daraja la kawaida hupangwa viti viwili dirishani, vitatu katikati na viwili dirisha la upande wa pili. Katika viti saba vya kila safu ni kimoja tu ambacho mtu hubanwa na majirani pande zote mbili. Anayesafiri peke yake kwa saa nane mfululizo anaweza kuona hilo ni dogo, lakini ukiwa na mzazi mtu mzima ambaye magoti yake yanataka kunyooshwa kila baada ya muda, utaelewa kwa nini nilikuwa nikikata tikiti mapema ili nipate viti viwili vya pembeni. Mama alikaa dirishani nami nikakaa njiani. Mara ya kwanza tulipoketi hivyo, alivua viatu, akauweka mkoba wake wa dawa chini ya kiti cha mbele, akatazama kushoto na kulia, kisha akaniambia, "Mwanangu, hapa mtu hapigi hodi kwa jirani." Nilimjibu, "Naam Mama, hapa ni kwetu mpaka Mombasa." Alilala kabla hatujaondoka juu ya bara la Ulaya, na nilipomwamsha jua lilikuwa linachomoza upande wetu, likiligonga kwanza lile pezi lililopinda kuelekea juu kwenye ncha ya bawa, kabla nuru haijaingia ndani.

Sisemi kwamba ndege ile haikuwa na uzee. Makabati ya juu yalikuwa mafupi kwa masanduku ya siku hizi yenye magurudumu, mlio wa injini ulikuwa mzito kwa waliokaa nyuma ya mabawa, na kiti cha daraja la juu kilijinyoosha kwa mteremko badala ya kuwa kitanda bapa kama mashirika makubwa yalivyokwishazoea kutoa. Vioo vya madirisha vilikuwa na mikwaruzo midogo inayoonekana jua likipiga kwa pembeni, mfano wa sahani ya bati iliyosuguliwa kwa mchanga. Lakini wahudumu waliijua ndege yao kama mpishi anavyolijua jiko lake, na sehemu ya ndani ilitunzwa vizuri kuliko nilivyotarajia kwa chombo cha umri ule.

Si kila ndege kuukuu ya likizo hutunzwa hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri na shirika jingine, ambalo sitalitaja, kwenda kisiwa kimoja cha Mediterania. Taa ya kusomea ya kiti changu haikukubali kuzimika, meza ya kukunja ilikuwa imelegea hadi kikombe cha chai kikawa kinanijia chenyewe mapajani, na kabla ya kuondoka tulikaa saa tatu uwanjani tukisubiri kipuri kiletwe kutoka mji mwingine. Tulifika salama, lakini ile safari ilinifundisha kwamba ndege huanza kuzeeka mbele ya macho ya abiria, kwenye viti, taa na vyoo, muda mrefu kabla haijazeeka kwenye injini na mabawa.

Hapa naomba niseme kidogo kuhusu umri, kwa kuwa ndugu zangu wengi wakisikia ndege ina miaka 25 hushikwa na hofu isiyo na msingi. Chombo cha angani hakihesabiwi miaka peke yake. Kila kinapopanda juu, hewa ya ndani husukuma ngozi yake ya alumini kwa nje, na kila kinapotua msukumo huo huachiliwa. Kule kupanda na kushuka ndiko kunakoichosha metali. Mwaka 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines ilibanduka sehemu kubwa ya paa ikiwa angani huko Hawaii, na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Ilikuwa na miaka 19 tu, lakini ilikwisharuka zaidi ya mara 89,000 katika safari fupi za visiwani, kwenye hewa ya chumvi. Ndege ya masafa marefu inayokaa angani saa nane au kumi kwa kila mruko haikaribii idadi hiyo hata ikifanya kazi robo karne, na baada ya kila kipindi cha miaka kadhaa hufunguliwa karibu yote, viti na sakafu vikang'olewa, mafundi wakakagua mifupa yake kutafuta nyufa na kutu. Kwa hiyo 767 hazikuondolewa kwa sababu zilikuwa za hatari. Ziliondolewa kwa sababu ukaguzi huo mkubwa huwa ghali zaidi kila unaporudi, ilhali injini za kizazi kile hunywa mafuta mengi mno kwa shirika linalouza tikiti za bei ya likizo.

Condor ina historia ya kutosha kuelewa hesabu hiyo. Ilianzishwa mwaka 1955, na mwaka 1971 ikawa shirika la kwanza la likizo duniani kutumia Boeing 747. Boeing 767 ilianza kuzitumia mapema katika miaka ya 1990, na ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wa safari zake ndefu kwa takribani miongo mitatu. Kisha, Septemba 2019, kampuni mama yake, Thomas Cook ya Uingereza, ikafilisika, na Condor ikaponea kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali ya Ujerumani pamoja na jimbo la Hesse. Mwaka 2021 kampuni ya uwekezaji ya Attestor ilichukua asilimia 51 ya hisa, na mwaka huo huo zikaagizwa Airbus A330-900. Ya kwanza iliwasili mwishoni mwa 2022 ikiwa imepakwa mistari mipana ya rangi kama miavuli na taulo za ufukweni, na kuanzia hapo 767 zikaanza kuondoka moja baada ya nyingine. Kwangu mimi mistari ile imependeza, hasa ile ya kijani, nami huifurahia ninapoiona ikisogea kutoka dirisha la ukumbi wa kusubiria.

Nikiipima ndege mpya kwa haki, naipa sifa nyingi. Jambo la kwanza unalolihisi ni utulivu. Injini za Rolls-Royce Trent 7000 zina feni kubwa inayosukuma hewa nyingi kwa mwendo wa taratibu zaidi, na nilipokaa safu za nyuma niliweza kuzungumza na Mama kwa sauti ya sebuleni, jambo lisilowezekana nyuma ya mabawa ya 767. Kila kiti kina skrini yake na pa kuchajia simu, makabati ya juu yanameza masanduku bila kugombana, na daraja la juu sasa lina vitanda bapa 30 ambavyo kila kimoja kina njia yake ya kutokea. Airbus inaeleza kwamba ndege hii hutumia mafuta pungufu kwa asilimia 25 kwa kila kiti ikilinganishwa na za kizazi kilichotangulia. Tumbo la mizigo nalo limepanuka: linapokea makontena mawili ya kawaida ya anga yakiwa yamepangwa ubavu kwa ubavu, jambo ambalo wembamba wa 767 haukuruhusu.

Lakini upana ule ule wa mita 5.64 unaobeba makontena ndio uliotunyang'anya kile kiti. Daraja la kawaida sasa limepangwa viwili, vinne na viwili, jumla viti 216 vya daraja hilo katika ndege yenye viti 310. Waliobanwa katikati wamekuwa wawili katika kila wanane, yaani mmoja kati ya wanne, wakati zamani alikuwa mmoja kati ya saba. Familia ya watu wanne itafurahi kupata safu nzima ya kati, na hilo nalikubali; abiria wa peke yake aliyechelewa kukata tikiti ndiye aliyepoteza. Jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi ni kwamba A330-900, pamoja na upya wake wote, bado ina mwili wa alumini. Anayetafuta ile hewa ya ndani yenye mgandamizo kama wa mahali palipo mwinuko wa mita 1,800 hivi, ambayo hupunguza kuumwa na kichwa na uchovu, ataipata kwenye Boeing 787 au Airbus A350, ambazo miili yake imejengwa kwa nyuzi za kaboni. Kwa mzee mwenye shinikizo la damu, tofauti hiyo ningeiweka juu ya skrini yoyote.

Kuhusu 767 yenyewe, kustaafu kwake katika likizo si kufa. Aina hii hupendwa sana kwa kugeuzwa kuwa ndege ya mizigo, na Boeing imeendelea kuunda mpya za shehena, ikiwamo ile 767-300F ambayo Air Tanzania ilipokea mwaka 2023, yenye uwezo wa kubeba tani 54. Kenya Airways nayo iliwahi kusafirisha abiria kwa 767 kabla ya kuhamia 787 zilizoanza kuwasili mwaka 2014, na wasafiri wa Nairobi wa umri wangu wanaikumbuka vyema. Niliona fahari kubwa nilipoitazama picha ya ile ya Tanzania ikiwa imepakwa twiga, kwa kuwa umbo la pua na la mabawa ni lile lile lililotuleta nyumbani.

Kwa anayekata tikiti ya Frankfurt na Mombasa sasa, ushauri wangu ni kulipia uchaguzi wa kiti mara tu unapokata tikiti, ukichukua viwili vya pembeni mkiwa wawili. Mkielekea kusini chagueni upande wa kushoto, ili alfajiri iwakute dirishani. Safari yetu ya mwisho nilifanya hivyo hivyo. Ndege ilipoanza kushuka, Mama alipandisha kizibo cha dirisha, akakifuta kioo kwa ncha ya mtandio wake, akakiona hakina hata mkwaruzo mmoja. Akatazama maji na mikoko hadi magurudumu yakagusa ardhi, kisha akainama kutafuta viatu vyake.